Mistari Minne ya Barua ya Bi Somoe

Mwanangu, kama ningerudishiwa siku moja tu ya ujana wangu, ningeomba Jumamosi moja niliyoikalia kitini kazini kwangu Kismayo, na ningesema hapana. Siku ile nilikubali kuruka mistari minne katika barua isiyokuwa yangu. Hakuna aliyenishikia bunduki. Bunduki zilikuja baadaye. Niliombwa kwa upole, na nikakubali kwa sababu lile nililoombwa lilinifaa.

Nitalisema polepole, unisamehe. Umri wangu hauniruhusu kwenda mbio, na jambo lenyewe nimelibeba kimya kwa miaka mingi mno.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimemaliza sekondari na kupata kazi katika tawi la maktaba ya umma, karibu na bandari. Usidhani lilikuwa jumba. Kilikuwa chumba kimoja kirefu kilichojengwa zamani na Wataliani, chenye sakafu ya vigae na feni mbili za darini, moja ikizunguka na nyingine ikitazama. Tulikuwa na kabati nne za vitabu, meza ndefu ya kusomea, magazeti yaliyotufikia yakiwa yamekwisha zeeka, na droo nyingi ndogo za mbao zilizotengenezwa kwa ajili ya kadi za vitabu. Kadi zenyewe hazikuletwa kamwe. Droo tukazitumia kwa barua.

Hilo la barua ndilo lililokuwa letu. Visiwani kwetu, kusini mwa Kismayo, hakukuwa na posta. Baharia wa Kibajuni aliyekuwa Mombasa au Uarabuni akitaka kuwaandikia wa kwao, aliandika jina la mama yake, akaandika chini yake: maktaba, Kismayo. Koyama ilikuwa na droo yake, Chula yake, Ras Kamboni yake. Wanawake waliokuja mjini kuuza samaki mkavu na mikeka walipitia kwetu kabla ya kurudi. Asiyejua kusoma alisomewa papo hapo, mezani, na mimi ndiye niliyekuwa nikisoma.

Ungewapenda wageni wetu. Walivua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyewaambia wavue. Kwao penye maandishi palikuwa ni pa kuheshimiwa, wakaingia kama waingiavyo msikitini. Wavuvi walikuja kutazama kitabu kimoja cha picha za samaki, na kila aliyekitazama alilalamika. Tulikuwa na daftari la maoni juu ya meza, na asiyejua kuandika alisema nami nikaandika, kisha akatia dole gumba kwenye wino wa zambarau wa muhuri wetu. Mvuvi mmoja wa Chula aliniambia niandike kwamba samaki wa kitabu kile wamepewa majina na watu wasiowajua. Mwanamke mmoja alitaka benchi lisogezwe, jua la alasiri lilikuwa likimpiga usoni wakati anasikiliza habari za mumewe. Tulilisogeza.

Mkuu wa tawi alikuwa mzee wa Kisomali tuliyemwita Maalimu. Siku yangu ya kwanza alinipa kanuni za vitabu kwa maneno machache, kisha akakaa muda mrefu juu ya barua. Aliniambia barua ya mtu inasomwa kama ilivyo. Kama ina tusi, soma tusi. Kama ina msiba, soma msiba, lakini mpe kiti kwanza. Niliona ni mambo madogo. Nilikuwa na cheti cha sekondari, nikadhani kazi kubwa ni kujua kusoma.

Sasa nikwambie juu ya Bi Somoe. Alikuwa mjane wa Koyama aliyekuwa akikaa mjini kwa mwanawe mkubwa, Kale, fundi wa injini za mashua. Mwanawe wa pili, Lali, alikuwa nahodha wa chombo cha mizigo huko Mombasa. Wa tatu alikuwa Mwanaidi, na Mwanaidi nilikuwa nimemposa mimi. Baba yao alikuwa amefariki, kwa hiyo Kale ndiye aliyekuwa walii wa dada yake, mwenye idhini ya kumwoza. Harusi tulikuwa tumeipanga, na watu wa visiwani walikwisha alikwa.

Bi Somoe hakuniita kwa jina langu hata mara moja. Aliniita mchu wa vitabu, yaani mtu wa vitabu, kwa Kibajuni chetu, na alilisema kama cheo. Mwanaidi alikuja naye kila mara, akasimama karibu na dirisha mama yake akisomewa. Alinicheka. Alisema nasoma barua za watu kama khatibu wa Ijumaa, na kwamba siku moja kina mama wataitikia amina kwenye habari za bei ya unga. Siku moja aliniomba nimwonyeshe Koyama kwenye kitabu cha ramani. Tulitafuta, tukakuta rangi ya buluu tupu. Aliyechora ramani ile hakutujua. Akaniomba penseli atie nukta ndogo tu pale panapostahili. Nilimkatalia. Nilimwambia kitabu cha umma hakiandikwi. Alitii, akaweka kidole chake pale kwa muda, kisha akafunga kitabu.

Nakueleza hili ili ujue nilikuwa mtu mwangalifu. Nukta nilikataa.

Mwaka huo serikali ilikuwa inaanguka. Habari za Mogadishu zilitufikia kila siku kwa redio na kwa watu waliofika na mabunda yao, lakini Kismayo ilikuwa bado inafungua maduka asubuhi. Ndipo Jumamosi ile baharia mmoja akaleta barua mkononi kutoka kwa Lali. Alipoiacha maktaba, alipita pia nyumbani akamwambia Bi Somoe kuwa ipo. Kabla mama hajaja, Kale alipita kusoma gazeti. Nikampa barua, maana ni ya kwao. Akaifungua hapo hapo kwenye kaunta, akaisoma, akaikunja, akanitazama.

"Shemeji," akasema. Alikuwa akiniita hivyo kwa utani tangu siku ya posa. "Mama akija, mistari hii minne usiisome."

Nikaitazama. Lali alikuwa ameandika kwa penseli, kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Ilisema hivi: Mama, usingoje harusi. Mchukue Mwanaidi na Kale mje Koyama. Nitafika na chombo Jumatatu, nitawangoja mpaka Alhamisi adhuhuri. Niliowaona waliotoka Mogadishu walikuwa na nyumba nzuri kuliko yetu.

Nilimuuliza Kale kwa nini asimsomee mama yake mwenyewe. Akacheka, akasema yeye hakubaliwi; mama husema yeye akisoma anapunguza. Kisha akaegemea kaunta. Alisema Lali hata fataki za Idi alikuwa akizikimbia, na sasa amekaa na wakimbizi wamemtia hofu. Alisema nyumba ikiachwa tupu itaingiwa na watu.

"Mama akisikia haya anafunga mizigo leo," akasema. "Ijumaa utakaa msikitini peke yako na kanzu yako mpya. Mimi ndiye walii. Nikisema Ijumaa, ni Ijumaa. Zikipita siku hizi sita tunamwambia yote, naye atacheka."

Mwanangu, sikukubali kwa kumwogopa Kale. Nilikubali kwa sababu niliitaka Ijumaa ile. Nilipoisoma ile mistari minne, jambo la kwanza lililonijia halikuwa hatari ya Bi Somoe wala ya Mwanaidi. Lilikuwa harusi yangu. Nikamjibu Kale, "Haya."

Bi Somoe alikuja baada ya alasiri pamoja na Mwanaidi. Akavua viatu, akakaa kwenye benchi lile tulilolisogeza, akatengeneza mtandio wake kama anayengoja hotuba. Nikasoma. Nilisoma salamu zote, na salamu za Lali hazikuwa chache. Nilisoma habari ya dawa ya goti aliyomtafutia mama. Nikafika pale. Macho yangu yakashuka mistari minne na mdomo ukaendelea na maneno ya mwisho, kwamba anaomba radhi zake. Nilishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Bi Somoe aliitazama karatasi mkononi mwangu. Kisha akauliza, "Hakusema atakuja lini?"

"Hakusema, Mama," nikamjibu.

Hapo mistari minne ikawa mitano, na wa tano niliutunga mimi.

Angeondoka hapo, pengine ningeisahau ile dakika. Lakini alitaka daftari la maoni. Alisema nakaribia kuwa mkwewe, na baada ya Ijumaa sifa zake kwangu zitaonekana ni za kifamilia, basi aziseme leo akiwa bado ni mgeni kama wageni wengine. Mwanaidi akacheka dirishani. Bi Somoe akanyoosha kidole kwenye daftari na kusema, "Andika. Kijana wa hapa husoma barua kama ilivyo. Hapunguzi wala haongezi." Niliandika. Aliniuliza kama nimeandika yote, nikamwambia nimeandika yote, na hilo lilikuwa kweli. Akatia dole gumba lake kwenye wino wa zambarau na kulikandamiza chini ya maneno yale. Barua akaikunja, akaifunga katika ncha ya kanga yake.

Walipokwisha toka, Maalimu aliinua kichwa kutoka mezani kwake. Kiswahili alikijua kidogo tu, lakini alikuwa amesikiliza barua maisha yake yote. Akaniuliza kwa Kisomali, "Umeimaliza?" Nikamjibu nimeimaliza. Akanitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda, kisha akarudi kwenye gazeti lake. Nyumba ya Kale ilikuwa mwendo wa dakika kumi. Jumapili ningeweza kwenda. Jumatatu ningeweza, na Jumanne, na Jumatano. Kila siku nilijiambia harusi imekaribia zaidi, na kila siku ilipokaribia ndivyo ilivyokuwa vigumu zaidi kwenda. Hivyo ndivyo kosa linavyofanya kazi. Halikuombi ufanye baya jingine, linakuomba tu ukae kimya kesho nayo.

Alhamisi asubuhi mapigano yaliingia mjini. Sitakueleza yote niliyoyaona. Wabajuni hatukuwa na kabila lenye silaha la kututetea wala bunduki za kujitetea, kwa hiyo kila aliyepita na bunduki alituingilia. Nyumba ya Kale, ile aliyohofia kuiacha tupu, ilibebwa mpaka milango, na sisi tumo ndani, maana nami nilikuwa nimekimbilia huko. Kutwa nzima hatukuweza kufika pwani. Huko Koyama, Lali alingoja mpaka adhuhuri kama alivyoandika. Hakuona mtu, akadhani mama yake amekataa, akang'oa nanga. Chombo chake kilikuwa kikubwa, chenye injini mbili, kingewachukua jamaa zake wote na majirani zao.

Sisi tulitoka Ijumaa asubuhi katika mashua ya uvuvi ya kubeba watu wanane. Tulikuwa zaidi ya thelathini. Kale alishika injini. Mwanaidi alikaa kati ya mama yake na mimi, amevaa nguo ya nyumbani, mikono yake ina hina ya harusi aliyopakwa Jumatano. Aliniuliza kama nimefunga maktaba. Nikamwambia Maalimu ndiye mwenye ufunguo. Karibu na kisiwa cha Fuma, penye mawe, wimbi lilituinua upande mmoja na watu wakahamia upande mwingine wote kwa pamoja, mashua ikapinduka. Nilimshika Bi Somoe kwa sababu ndiye aliyeangukia mkononi mwangu maji yalipotufunika. Kale alishika watoto wawili wa jirani. Mwanaidi hatukumwona mpaka alipoletwa na maji ufukweni, kabla ya magharibi. Tulimzika Fuma jioni ile ile, Ijumaa, pamoja na wengine sita.

Watu wa Chula walitupitisha mpaka Ras Kamboni, na kutoka hapo tukafika Kiunga, upande wa Kenya. Lali alikuwa ametia nanga huko, njiani kurudi Mombasa. Alikuja mbio ufukweni, akawahesabu wa kwao kwa macho, akakosa mmoja. Alilia kwanza. Kisha akamwuliza mama yake, bila ukali, kama mtu asiyeelewa tu, kwa nini hawakuja Koyama. Hamkupata barua yangu?

Bi Somoe akafungua ncha ya kanga. Barua ilikuwa imelowa maji ya chumvi na kukauka mara mbili, imekuwa ngumu kama ngozi. Wino ungeyeyuka. Penseli haikufutika. Lali akanyoosha mkono aipokee, lakini mama hakumpa. Akanipa mimi.

"Nisomee," akasema. "Yote."

Nilisoma nikiwa nimesimama kwenye mchanga, mbele ya Lali, mbele ya Kale. Nilisoma salamu na dawa ya goti. Nikafika kwenye mistari minne na nikaisoma, neno kwa neno, na sauti yangu haikuwa ya khatibu wa Ijumaa. Nilipomaliza, Kale aliinamisha kichwa na kusema, "Mama, ni mimi niliyemwomba asiisome."

Bi Somoe hakumgeukia. "Wewe najua unapunguza, ndiyo maana sikuja kwako," akamwambia. Kisha akanitazama mimi. "Nilikwenda kwako kwa sababu hukuwa mwanangu."

Hakunipigia kelele. Ningefurahi kama angenipigia.

Tuliishi miaka katika kambi moja hapa Mombasa, mahema yetu yakitenganishwa na njia ndogo tu. Nilimwomba msamaha, na siku ya Idi alinijibu kwamba amenisamehe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Naamini alisema kweli. Alinipa chakula nilipougua. Lakini barua za Lali zilipofika kutoka safarini, alivuka njia ile, akapita mlango wa hema langu na barua mkononi, akaenda mpaka mwisho wa kambi kwa mwalimu mmoja asiyemjua, akasomewa huko. Nilimwona akipita kila mara, na goti lake lile bovu. Hata mara moja hakupotea njia. Amezikwa hapa Mombasa, Mungu amrehemu. Kale alihamia mbali, na mimi na yeye hatujaweza kukaa chumba kimoja.

Kilichonifanya niandike haya ni jambo la juzi. Nilikwenda tawi la maktaba la mtaa wetu huu, ninakopenda kukaa asubuhi kwa sababu ya magazeti na upepo wa madirisha. Kwenye meza ya pili alikaa msichana mmoja wa kwetu na nyanya yake, anamsomea karatasi ya hospitali. Nilikuwa nikisikiliza nusu nusu kama wazee wanavyosikiliza. Ghafla nikaona macho ya yule binti yanashuka na mdomo haushuki nayo. Akasoma mstari wa mwisho kwa sauti ya uchangamfu. Nyanya akaitikia, Alhamdulillahi. Nilimjua yule binti, mwanangu, ingawa sijui jina lake. Alikuwa na nia njema, hata kuliko yangu. Nilitaka kuinuka, na miguu ikanichelewesha, wakawa wametoka.

Basi haya ni yake, na ni yako. Nyinyi vijana mnawasomea wazee wenu karatasi za hospitali, ujumbe wa simu, barua za serikali za nchi tulizotawanyikia. Mzee anapokupa karatasi amekupa macho yake. Hajakupa akili yake. Hiyo bado anayo, acha aitumie. Usichague kwa niaba yake kipi akijue. Ukiona habari nzito, fanya kama Maalimu alivyonifundisha nami nikapuuza: mpe kiti, mpe maji, kisha soma. Akikuomba ndugu yake uruke kitu, hata akiwa mkubwa wako, hata akiwa ndiye mwenye kukupa unachokitaka, mrudishie karatasi akasome mwenyewe. Na ukiwa umekwisha ruka, usingoje siku nzuri ya kusema. Inuka leo, nenda, ungali na dakika kumi za kutembea. Mimi nilikuwa nazo siku nne nzima.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi unaofuata macho yako. Akupe moyo wa kutaka jambo lako bila kulichukua katika haki ya mwenzio. Awajalie wazee wako wakuamini, na akujalie ustahili wanavyokuamini. Amina.

Na usije ukajiuliza mistari minne inaweza kumgharimu mtu nini, nakuambia. Ilinigharimu Mwanaidi, niliyemzika Fuma siku ya harusi yetu. Ilimgharimu Bi Somoe binti yake wa pekee. Na tangu siku ile ya Kiunga mpaka leo, hakuna mtu aliyeniletea barua yake nimsomee.